Siku Tatu Nilizojificha Paje

Nyumba yetu iko Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikishuka vikombe kabatini hugongana. Mama hakuwahi kuzoea. Kila ikipita moja huinua macho darini na kusema, "Labda huyo ndiye." Alikuwa akinisema mimi, na alisema hivyo hata miezi ambayo meli yetu ilikuwa katikati ya bahari.

Basi Jumatatu ile ndege yangu iliposhuka, bila shaka vikombe viligongana na mama akasema maneno yake. Safari hii alikuwa amepatia. Nami nikatoka uwanjani na begi langu, nikaingia kwenye teksi, na dereva aliponiuliza wapi, nikamwambia Paje. Tulipofika kwenye kichochoro cha kuingilia mtaani kwetu niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa makubadhi.

Dada yangu nilikuwa nimemwambia kwamba nitaingia Alhamisi kwa boti ya mchana kutoka Dar es Salaam. Kisha simu nikaizima. Ndivyo nilivyojipatia siku tatu ambazo hakuna mtu aliyezijua.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nakimbia nini. Nilikaa miezi kumi na moja kwenye meli ya mizigo, mabaharia ishirini na mmoja, injini inanguruma usiku na mchana, na kazi yangu ilikuwa kukwangua kutu na kupaka rangi palipokwanguliwa. Ukimaliza mbele, nyuma kumeshaota kutu nyingine. Nilipokuwa nashuka Durban nilikuwa nimechoka hata kusikia jina langu likiitwa. Lakini uchovu si neno lote. Neno lenyewe ni baba.

Baba alifanya kazi bandarini Malindi, hapa hapa Unguja, ujana wake wote, akipakia na kupakua meli za watu wengine, wala hakuwahi kupanda hata moja ikaondoka naye. Mimi nikawa ndiye macho yake. Alibandika ramani ya dunia ukumbini, na kila nilipompigia simu alitia alama kwa kalamu ya risasi pale tulipo. Nikirudi, hunikalisha barazani na wazee wenzake, kahawa inazunguka, naye ananiuliza bandari moja baada ya nyingine. Watu wa pale wakoje? Wanakula nini? Msikiti wao ukoje? Na mimi sikuwa na jibu. Meli za siku hizi hukaa bandarini saa chache, kontena zinashuka, zinapanda, mnaondoka. Bandari nyingi niliziona kwa mbali, na kwa karibu niliona winchi. Miaka ya nyuma nilikuwa nikitunga. Safari hii hata uongo uliniishia, na badala ya kumwambia mzee wangu kweli, nikaenda kulala Paje.

Paje ni kwao mama. Mwenye akili zake angejificha kwingine. Lakini nilijidanganya kwamba Paje ya mahotelini ni nchi nyingine, ya Wazungu wanaoburutwa juu ya maji na matiara yao, vile vishada vikubwa, na kwamba jamaa zetu wako huko nyuma kijijini na hawana la kufanya mbele ya nyumba za wageni. Nilisahau kwamba maji yakipwa, mwani uko pale pale mbele ya mahoteli, na wanaoulima ni hao hao jamaa zetu.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimekaa chini ya banda la makuti, kofia kichwani, miwani ya jua usoni, nimeagiza pweza. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali. Wanawake wameinama kwenye kamba zao, wanavuna, magunia yamewaelea pembeni. Mmoja aliyekuwa mchangani akanyanyua simu juu akapiga kelele kumwita mwenzake. Yule mwenzake akaja akipiga maji kwa miguu, akaichukua simu, akasikiliza. Halafu akakaa. Alikaa vile vile ndani ya maji, nguo zikamwelea kiunoni.

Nilijua kuna jambo. Si kwamba sikujua. Nilinyanyuka nusu, nikakaa tena.

Aliposimama akaliacha gunia lake na kuanza kuja pwani, nikamjua kwa mwendo wake, bega moja chini kuliko la pili. Alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu tumbo moja, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa sijui kutembea. Njia yake ilipita hatua kumi kutoka nilipokaa. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, neno ambalo kwetu mtoto hufundishwa kabla hajajua kufunga suruali. Shikamoo. Lakini nikilisema, nitaulizwa nimekuja lini, na nimekuja vipi, na kwa nini mama yangu hajui. Nikainua ile karatasi ya orodha ya vyakula nikaziba uso.

Nikazisikia hatua zake kwenye mchanga. Zikapungua, zikasimama. Mimi nasoma bei ya juisi. Kisha zikaendelea.

Maji yalipoanza kujaa gunia lake lilibaki kule kule. Nililitazama likielea, likisogea, mpaka sikuliona tena. Nikamaliza pweza wangu, nikaenda kulala. Usingizi ulikuwa mtamu, na hilo pia naona haya kulisema.

Alhamisi nilipanda gari mpaka Darajani. Kutoka hapo nilikata kwa miguu vichochoro vya Mji Mkongwe na begi begani, nikawapisha watalii na mikokoteni, hadi geti la bandari, nikapenya ndani. Nikangoja boti ya mchana ifunge gatini. Abiria walipoanza kutoka, nikajichanganya nao, nikakunja uso kama mtu aliyetapishwa na mawimbi. Nilikuwa hata najisifu moyoni kwa kuigiza vizuri.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa amesimama nje ya geti. Hakucheka. Alinipokea begi, akaliweka chini, akanishika mikono yote miwili.

"Baba katutoka," alisema. "Juzi, alfajiri. Alikuwa anatia udhu, akaanguka. Tukakupigia, tukakupigia. Dada yako akapiga mpaka kwa watu wa meli, wakasema ushashuka uko njiani. Tulikungoja. Ilikuwa tumzike baada ya adhuhuri, mama yako akasema tungoje, labda atapiga simu. Tukangoja mpaka alasiri."

Nikaliangalia begi pale chini. Yeye akadhani ni uchungu.

"Nimeingia mimi kaburini kumpokea," akaendelea. "Mahala pako pale. Unisamehe, shemeji. Mgongo wangu huu unaujua, lakini nlisema siachi mtu mwengine ampokee."

Aliniomba msamaha mimi. Na mgongo ule naujua kweli, kuna siku hawezi kuinama kuokota ufunguo. Alikuwa ameshuka ndani ya kaburi la baba yangu, akampokea kwa mikono yake na kumlaza, saa ambayo mimi nilikuwa nimelala kitandani, saa moja tu kwa gari kutoka hapo, nimeshiba.

Nyumbani hitima ilikuwa inasomwa. Wazee walinishika mkono mmoja mmoja, na kila mmoja alisema yale yale. Masikini, bahari haina huruma. Ungekuwepo ungemzika mzazi wako. Hukupenda, mwanangu, ni riziki inamtupa mtu mbali. Niliitikia kila pole. Nilizipokea zote, na kila niliyoipokea ilikuwa ya wizi. Ukumbini niliiona ramani. Alama ya mwisho ilikuwa Durban, na kutoka hapo baba alichora mstari mwembamba kwa rula mpaka Unguja.

Nikaingia chumbani kwa mama. Alikuwa ameshaanza kukaa eda, amevaa nguo isiyo na rangi, amekaa mkekani na dada yangu na mama mdogo. Nikawaamkia, nikapiga magoti. Mama akanishika kichwa, akaniuliza kama nimekula. Hapo ndipo nilipolia, na kila mtu chumbani alilielewa vibaya lile chozi.

Mama mdogo akangoja nitulie. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya polepole, "Mimi habari ilinikuta mwanini. Nikaacha hata gunia langu, likachukuliwa na maji. Basi nlipotoka, pale mahotelini, nkamwona mtu kakaa, mwanangu, mwili wako, mabega yako, hata mikono. Nkasimama. Nkataka nimkimbilie nimlilie. Halafu nkajiambia, siye. Mtoto wetu hawezi kuniona nikapita asiniamkie."

Dada akasema ni majonzi, mtu akifiwa huona watu. Mama mdogo alikuwa ananitazama mimi, na mimi nilikuwa nautazama mkeka.

"Kweli," mama akasema. "Mwanangu angekuamkia."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na watu watatu wanaonipenda kuliko wote duniani walikuwa wamekaa wananingoja, hata kama mmoja tu ndiye aliyejua ananingoja. Nikasema naomba maji ya kunywa.

Meli ilipoita nilikataa mkataba mpya, nikasema namwangalia mama. Watu wakanisifu. Wanasema nimekuwa mtoto mwema. Niliwahi kuanza kumweleza mama mara mbili, na mara zote mbili ndege ikapita, vikombe vikagongana, naye akainua macho darini kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba mimi niko hapa hapa mbele yake. Akatabasamu. Ningemwambiaje baada ya hapo kwamba Jumatatu ile alipatia?

Arubaini ilipopita nilikwenda Paje. Maji yalikuwa yamekupwa. Nilikunja suruali, nikaingia mpaka magotini, nikapita mbele ya lile banda la makuti bila kugeuza uso. Mama mdogo alikuwa ameinama kwenye kamba zake, amenipa mgongo. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi njiani, na yote yakanitoka likabaki moja.

"Shikamoo, mama."

Hakugeuka mara moja. Alimaliza kufunga kitawi alichokishika, akanyoosha mgongo, akanitazama toka miguu mpaka kichwa.

"Marahaba," alisema. "Leo umeniona."

Kisha akanipa ncha ya kamba nishike, tukaendelea kufunga.