Bibi Aliyeshindwa Kusaga

Najua mtasema natunga. Ila mkono wa bibi yangu ulichomoka kwenye kiwiko mbele ya macho yangu. Ko! Akaurudisha mwenyewe kama anafunga komeo.

Alikuwa anaegemea kitanda ainuke tu.

"Bibi! Nini hiyo?!"

"Mkono huu ndo ulionifukuzisha kwa babu yako."

Mimi nimekua nikiambiwa bibi Felista alimtelekeza baba akiwa mchanga. Baba mpaka leo hamsalimii. Nilienda kijijini kwake, Ihanja, kumwona kwa siri.

Akanipa mkanda mzima. (Majina nimebadilisha.)

Mwaka 74, Operesheni Vijiji, serikali inahamishia watu vijiji vipya. Nyumba yao ya tembe imebomolewa, wamepakiwa kwenye lori na kuku na vibuyu. Bibi yuko nyuma kabisa na mama mkwe wake, Yunisi. Mtoto, yaani baba yangu, yupo hapo hapo.

Lori likaruka korongo. Mtoto akarushwa nje.

Bibi akajitupa naye. Akamdaka kwa mkono mmoja. Mwingine ukatangulia chini.

Hospitali wakampiga picha. "Kipande kidogo tu kimebanduka kwenye kiwiko. Kitapona."

Kweli, uvimbe ukaisha. Ndoo anabeba. Shamba la kijiji analima na wenzake.

Ila kusaga, hawezi.

Jiwe la kusagia unalipigia magoti, unasukuma uwele kwa uzito wa mwili mzima. Akisukuma tu, kiwiko kinateleza. Akiinuka, kimesharudi. Hana hata uvimbe wa kuonyesha.

Yunisi akaanza.

"Ndoo unabeba, jembe unashika, jiwe tu ndo linauma? Mwanangu kaoa mke au kaoa mgeni?"

"Mama, mkono unaachia."

"Mbona kwenye ugali hauachii?"

Wanawake wakaangua kicheko. Kijiji kizima kikamwita kupe.

Msimu ule ule babu Alute akamrudisha bibi kwao. Mtoto akabaki kwa Yunisi.

Nilimpeleka bibi kwa daktari mjini. Akasema kile kipande ni kidogo kweli, ila ndicho kilichokuwa kinazuia kiwiko kisichomoke mtu akiegemea. Hakuna aliyewahi kumwambia aegemee waone.

Tukiwa njiani kurudi nikauliza, "Bibi, kwenye lori mtoto alikuwa amepakatwa na nani?"



"Yunisi. Alisinzia."

"Sasa kwa nini hukusema?!"

"Nilisema. Akaapa kwamba aliyemwangusha ni mimi. Usimwambie baba yako. Huyo marehemu ndo mama anayemjua. Nikimwondolea, mimi nitampa nini? Mkono huu?"

Jamani, mtu akikwambia panauma, usimpimie kwa udogo wa ufa.

Sasa sikieni. Jumapili baba anajengea kaburi la Yunisi. Kanitumia meseji niyapange vizuri maneno ya kwenye jiwe: "Mama uliyenishika, aliyenizaa aliponiachia."

Simu iko mkononi. Fundi anasubiri.

Ungekuwa wewe, ungeandika nini?