Pumzi ya Mpiga Pembe

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la sita, na leo ukiuliza Kakamega mjini ni nani hufufua simu iliyozama chooni, utaletwa hadi kwenye kibanda changu. Nimejenga nyumba ya mawe Amalemba kwa bisibisi na waya wa lehemu. Wenye digrii huniletea kompyuta zao wakiniita injinia, nami siwakatazi.

Sigara za umeme nilizijua kabla ya mafundi wengine. Wanafunzi wa chuo waliniletea zikiwa zimekufa. Nilipopasua ya kwanza nikakuta ndani kitu kidogo cha mviringo, ukikitazama utaapa ni maiki ya simu. Basi tukakiita maiki. Kina ngozi nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukivuta pumzi, ngozi inapinda, umeme unapita, mvuke unatoka na taa ya samawati inawaka. Hakuna swichi. Kinangoja pumzi yako tu.

Hapo nikamfikiria kaka yangu. Yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki, na chombo changu cha kwanza cha kulehemu alininunulia yeye, kwa mshahara wa kiwanda cha sukari. Alifanya kazi upande wa tanuri, wanakochoma makapi ya miwa, na vumbi lile likamkaa kifuani. Sasa yuko kwake Shianda, kwenye kiti karibu na mlango. Hospitali ilimpa dawa ya mkebe, ile unabonyeza huku unavuta, lakini vidole vyake vilishikwa na mashine zamani na havikunjiki sawasawa. Akibonyeza, amechelewa kuvuta. Akivuta, hajabonyeza. Dawa ilikuwa inaishia kwenye masharubu.

"Nipe muda," nikamwambia shemeji, mke wa kaka. "Nitatengeneza kitu kinachosikia pumzi yake chenyewe."

"Shemeji, hospitali imeshindwa."

"Hospitali si mimi."

Nilinunua mashine ndogo mbovu ya kutoa dawa kama ukungu, nikang'oa swichi, nikatia maiki. Kazi hiyo si mchezo. Hewa lazima ipite kwenye mrija, mbele ya maiki. Mrija ukiwa mwembamba, maiki inasikia vizuri, lakini mgonjwa anavuta kama anayekunywa uji mzito kwa mrija wa soda. Ukiupanua, anavuta kwa raha na maiki haisikii lolote. Ukiongeza usikivu, upepo wa mlangoni unaiwasha, na mvua yetu ya alasiri ikilowesha ile ngozi, kifaa kinamwaga dawa hadi iishe. Nilitoboa mirija nikatupa, nikatoboa tena. Mwishowe nikapata: pumzi moja, taa ikawaka, ukungu ukatoka laini.

Pumzi ilikuwa yangu. Nikiwa kijana nilipiga pembe mbele ya mafahali wakipelekwa kupigana, ngoma za isukuti zikinifuata, na hakuna aliyebaki ndani ya nyumba nikipuliza. Kifua hicho bado ninacho. Jirani yangu muuza viatu naye akavuta, ikawaka. Nikaona imetosha.

Jumapili nikaipeleka Shianda. Shemeji alichinja ingokho, kuku wa wageni, na ugali wetu, obusuma, ukajaa sinia, majirani wakaja kutazama. Kaka akavuta. Taa haikuwaka. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikasimama.

"Vuta kama mwanaume," nikamwambia.

"Mwanaume alibaki huko tanurini," akasema. "Huyu unayemwona ni masharubu yake."

Watu wakacheka. Akageukia ukuta kidogo, akainama, taa ikawaka. Majirani wakapiga makofi. Akanishika mkono akasema, "Imeshika, fundi. Nasikia kifua kimefunguka."

Mjini nilitangaza. Nilimweleza hata daktari mmoja aliyeniletea simu, akaniuliza tu simu yake itakuwa tayari lini. Kila wiki nilipanda pikipiki na chupa za dawa, na kila nilipofika kaka alikuwa na kidude mdomoni, taa inawaka. Alikuwa anakonda, nikasema ni umri. Ukuta wa karibu naye ulikuwa na doa la maji, nikasema bati linavuja.

Halafu siku moja pikipiki ikazima njiani, nikamalizia kwa miguu katikati ya miwa. Kaka alikuwa ameinama, viwiko magotini, akitafuta hewa kama mtu anayeburuta gunia. Mkononi hakuwa na kitu.

"Kiko wapi?" nikamuuliza shemeji.

Akatazama kabati la vyombo vya wageni. Kilikuwa humo kati ya gilasi, kimefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe.

"Akisikia pikipiki yako ananiambianga nikilete," akasema. "Hakijawahi kusikia pumzi yake, shemeji. Anakigonga na ukucha, na dawa inaishia ukutani."

Nikakigonga. Taa ikawaka. Ngozi ile haitofautishi pumzi na mtikisiko, na hilo nililijua tangu sigara ya kwanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

Kaka alichukua muda kupata hewa ya kujibu. "Ulikuja na watu wamejaa, na kuku ameshachinjwa."

"Na wiki zilizofuata?"

"Ulikuwa umeshawaambia wa mjini."

Nilitoa bisibisi palepale. Nikapanua mrija, nikaongeza usikivu hadi mwisho. Akavuta, kimya. Nikaweka mrija mwembamba, akavuta, akakohoa mpaka shemeji akamshika mabega. Nikakitia mdomoni mwangu. Kikawaka mara moja, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Basi," akasema kaka. "Mimi kinaona ni kama hakuna mtu."

Sasa ana mashine ya oksijeni, niliyoinunua kwa kuuza pikipiki. Hiyo haisikilizi pumzi ya mtu, inasukuma hewa tu, uwe unavuta au huvuti. Ufundi haumo ndani yake. Daktari alisema mapafu yale hayarudi, na hii ni ya kumpunguzia tu mateso. Stima ikipotea, nayo hupotea Shianda bila taarifa, mlio unakatika na sisi watatu tunatazamana hadi irudi. Naenda kwa miguu kutoka barabarani siku hizi, kwa hiyo hajui ninapofika, na namkuta alivyo.

Kifaa changu kingali kwenye kabati la wageni, na bado nasema hakuna fundi mwingine hapa angeweza kukiunda. Ukijumlisha mashine ile mbovu, mirija, dawa iliyonyunyiziwa ukuta na hii oksijeni, pumzi ya kaka yangu imenigharimu shilingi elfu tisini na tatu, mia nne na sabini.