Neno Nililompa Baba

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mhaya aliyependa soksi ndefu na maneno marefu, alikuwa na mchezo wake. Kila Ijumaa aliandika herufi chache ubaoni, nasi wasichana wa kidato cha pili tukagombania kamusi kuukuu ya maktaba, kusaka maneno ya kale yenye herufi hizo. Wiki moja zilikuwa nne: lack, yaani kukosa. Nikapata lackland, asiye na ardhi, ambalo siku zile za vijiji vya ujamaa tulilichekea chini kwa chini. Nikapata lackbrain. Nikapata lackwit, asiye na akili. Nilishinda, nikavimba kichwa.

Mwezi huohuo baba akaja Mwanza kunitembelea. Alikuwa fundi wa mikokoteni ya ng'ombe huko kwetu Misungwi. Aliniletea michembe, vile viazi vya kukaushwa, akamwambia mwalimu kwa sauti kubwa mbele ya wenzangu, "Mwarimu, huyu binti asome rugha, asije akawa kama mimi."

Bwenini nikaitwa Rugha wiki nzima. Nilimkasirikia baba, si wao.

Likizo ilipofika nilimkuta amemaliza mkokoteni wa kijiji, wa kubebea pamba ya shamba la pamoja. Akanipa chaki. "Niandikie hapa ubavuni, mwanangu. Fundi, kwa Kizungu, anaitwaje?"

Nikaandika LACKWIT, herufi kubwa. Akazifuata kwa rangi nyekundu, taratibu, ncha ya ulimi nje.

"Rakwiti," akasoma baada yangu. "Zuri hiro."

Nilidhani ni mzaha wa siku moja, kwamba kesho nitalifuta. Kesho yake mkokoteni ukaondoka na pamba. Baba akatengeneza wa pili na wa tatu, akanakili mwandiko wangu bila kukosea hata herufi moja. Kijiji kizima kikaanza kumwita hivyo.

"Shikamoo, mzee Rakwiti!"

"Marahaba," alikuwa akiitikia, kifua mbele.

Kila nilipomsikia akiitikia nilitamani ardhi inimeze. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie, nikaishia kumuuliza habari za ng'ombe. Kwanza nilinyamaza kwa woga, baadaye kwa mazoea. Alipofariki, jina hilo likasomwa makaburini mbele ya umati, nami nikainamisha kichwa. Watu wakanipa pole. Sikustahili hata moja.

Kaka yangu aliwaandikisha watoto wake kama ilivyo kawaida, jina la babu likija mwisho, na babu yao hakuwa akijulikana kwa jina lingine. Limo kwenye vyeti vyao vyote.

Mwezi uliopita bintiye mdogo alikuja hapa kwangu Buswelu kuniaga, kafaulu kwenda kidato cha kwanza. Alinionyesha daftari jipya, jina lake juu ya jalada. Mwishoni ameandika Lakwiti.

"Mwalimu alinisahihisha, shangazi. Alisema Rakwiti ni matamshi yetu tu ya Kisukuma. Babu alikuwa anasema ni Kizungu. Maana yake nini?"

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini, nikakichukua tena.

"Fundi," nikasema.

Akafurahi sana. Akasema shule anayokwenda ina kamusi kubwa ya Kiingereza, na siku ya kwanza tu atalitafuta awaonyeshe wenzake.