Mtoto Aliyewapiga Waliolala

Kwa miaka kumi na tisa, kazi ya Mama Mikeka katika kituo kile cha kulea watoto ilikuwa kulaza. Watoto wakishakula, alitandika mikeka ishirini, akafunga mapazia, akaanza kupapasa migongo. Mtoto mbishi kuliko wote hakumchukua dakika saba. Walimu vijana walimtania kwamba hata mumewe hajawahi kumaliza habari moja mbele yake bila kukoroma, naye hakukanusha.

Katika miaka hiyo alishuhudia watoto kumi na mmoja wakifukuzwa. Neno lenyewe halikutajwa. Barua ilisema mtoto "hajawa tayari". Mmoja alikuwa aking'ata wenzake, mwingine alijikojolea kila siku, mwingine alilia tangu asubuhi mpaka sauti ikamkauka. Mama Mikeka aliwafungashia nguo zao za akiba, akawafuta kamasi, akawafungulia geti. Kuuliza si ujinga, lakini pale hakuna aliyeuliza, yeye akiwemo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wa kumi na mbili angekuwa binti wa miaka minne, mwembamba, asiyecheka ovyo, ambaye walimu walimbandika jina la Kiberiti. Kosa lake lilikuwa la ajabu: aliwapiga waliolala. Kwenye michezo hakuwa na neno na mtu. Akinyang'anywa mdoli aliuachia tu. Lakini wenzake wakishasinzia, kofi lililia. Mara tano katika wiki mbili, na mara tatu shavu lilikuwa la Bonge, mtoto mnene ambaye baba yake alikuwa wakili na hakuacha mtu asahau. Juu ya hayo, mpishi alimkamata akichota sukari jikoni na kuificha kwenye soksi. Mgomvi na mwizi, na kimo chenyewe hakijafika kwenye kitasa cha mlango. Barua ikaandikwa Alhamisi asubuhi, mama yake apewe jioni.

Sasa, watoto wakishalala, watu wazima wote walitoka kwenda kula nyuma ya jiko. Ndiyo saa pekee waliyokaa chini kutwa nzima, na nani angewalaumu? Kwa hiyo makofi yote matano waliyasikia tu. Walipofika mbio walikuta mmoja analia na mwingine amesimama, na hukumu haikuhitaji shahidi.

Alhamisi hiyo Mama Mikeka alikuwa na jino lililotoboka. Lilimvimbisha taya, likamtia homa, na chakula hakikutazamika. Wenzake walipotoka alijilaza kwenye mkeka wa mtoto ambaye hakuja siku hiyo kwa kuugua, katikati ya safu, akafumba macho. Bati la juu lilikuwa limepata moto. Jasho lilimtiririka shingoni.

Akasikia nyayo ndogo. Akafumbua jicho moja kidogo, akamwona Kiberiti anapita kati ya mikeka, anainama, anagusa shingo ya kila mtoto kwa mgongo wa mkono. Waliokuwa wakavu aliwapita. Hakuharakisha na hakumruka hata mmoja. Mama Mikeka alitaka kuona atafanya nini, basi akafumba tena. Mkono ukamfika shingoni. Ukatulia.

Kofi lilitua upande wa jino.

"Amka," sauti ikasema, chini chini. "Amka, amka." Kabla hajapata pumzi, vidole viwili vikamsukumia sukari mdomoni, nayo ikaenda moja kwa moja kwenye lile shimo. Mama Mikeka aliona nyota mchana. Alipofungua macho yenye machozi, alikuta uso wa mtoto umemwinamia, unamchunguza kwa umakini ambao hakuwahi kuuona hata kwa daktari.

"Nani amekufundisha hivi, mwanangu?" akauliza alipoweza.

"Bibi. Akilala akitoka jasho, nampiga. Akiamka nampa sukari. Asipoamka naita watu." Akafikiri. "Wewe umeamka vizuri."

Mama Mikeka akakaa. Maumivu yalikuwa yale yale, lakini hakuyasikia tena. Alikuwa amelaza mamia ya watoto katika chumba kile, na hakuwahi kuwaza kwamba mmoja wao angeweza kukesha kwa ajili ya wengine wote. Alipigwa na butwaa, na ndani ya butwaa hilo mlikuwa na heshima, kama anayosikia mtu mbele ya mkubwa wake. Kisha wale kumi na mmoja wakamjia, mmoja mmoja, na aibu ikamshika.

Akaenda ofisini na shavu lake, akamweleza mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alisikiliza, barua ikiwa mkononi, akasema tu kwamba wamngoje mama mtu.

Mama alifika saa kumi na moja, bado na nyuzi za kiwanda cha mashati kwenye mikono. Alipoulizwa kuhusu bibi, alianza kulia kabla ya kujibu.

"Mama yangu ana kisukari, anajidunga sindano. Sukari ikishuka anazimika usingizini. Huyu amemwokoa mara mbili, mimi nikiwa kazini. Nikasema basi, mtoto wa miaka minne hawezi kuwa muuguzi. Nikamleta kwenu akacheze. Sikuwaambia, niliogopa mtamkataa."

"Na sasa bibi anashinda na nani?" akauliza Mama Mikeka.

"Nimemwomba jirani. Anashinda naye."

"Mtoto anajua?"

"Hapana," akasema mama mtu. Alikuwa amepanga kila kitu: zamu, jirani, sare, kikombe chenye jina. Hilo moja hakulikumbuka.

Mwalimu mkuu akaikunja barua mara mbili, akaichana. "Kwa wakili nitakwenda mwenyewe," akasema. "Kesho kabla ya kulala, tumpigie bibi simu."

Ijumaa mikeka ikatandikwa. Mwalimu mkuu akashika simu yake, sauti ikiwa wazi, na Mama Mikeka akapiga magoti kando, taya limefungwa kitambaa.

"Niko macho, mjukuu wangu," sauti ya bibi ikasema. "Jirani yupo hapa, sukari tunayo. Amejua kunigusa shingo kama ulivyokuwa ukifanya. Wewe lala."

Mtoto aliishika simu kwa mikono miwili. Alisubiri, akasikiliza sauti ya jirani ikisalimia kwa nyuma, akaridhika.

"Huku ni wengi, bibi," akasema. "Nilikuwa peke yangu. Lakini hakuna aliyekufa."

Akairudisha simu, akalala.