Usinisamehe Siku Zangu

Nakumbuka vizuri siku niliyogombezwa na Baba Tiur, mwanangu, na nimeikumbuka tena jana nilipokusikia jikoni hapa kambini ukijisifu kwenye simu. "Mimi huko nyumbani sidaiwi na mtu. Nimelipa vibarua, shamba limelimwa, kwisha!" Wenzako wakacheka na kukupongeza. Mimi nilikuwa nakoroga uji wangu, nikaendelea kukoroga, maana mzee akiingilia simu ya kijana anaonekana mbea. Leo ni Ijumaa, wote hatuna dyuti, kwa hiyo utanisikiliza upende usipende.

Wakati huo sikuwa mlinzi hapa Al Thumama. Nilikuwa rika lako, nywele zimejaa kichwani, nafanya kazi kwenye shamba la mboga la tajiri mmoja kule Umm Salal, huku huku Uarabuni. Tulikuwa wawili tu. Mimi Mkamba wa milima ya Mbooni, na mwenzangu mtu mzima kutoka Sumatra, Indonesia, wa kabila la Wabatak, wakulima wa milimani. Jina lake la kuzaliwa hakutaka niliite. Kwao, kama kwetu, ukishapata mtoto unaitwa kwa mtoto, na binti yake alikuwa Tiur. Tulielewana kwa Kiarabu cha kuokoteza na kwa mikono.

Jamani, mtu yule alipenda kwao! Tukichuma matango ananisimulia kijiji chake mpaka nikawa nakijua kama chetu. Nyumba chache za mbao zenye mapaa marefu, nyati wa kulimia wamefungwa karibu, ziwa kubwa kule chini, mpunga umepandwa mlimani kwa matuta kama ngazi, na mibuni nyuma ya nyumba. Makaburi ya mababu yako katikati ya mashamba, na yamejengewa vizuri kuliko nyumba za walio hai. Shamba unarithi, ni lako, lakini huwezi kumuuzia mgeni kabla ndugu wa ukoo hawajaulizwa. Na ukiliacha likalala msimu baada ya msimu, jamaa mwingine anaomba alilime, na kulirudisha hapo ni maneno mengi.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna wanavyopanda. Leo wote wako kwako, kesho wote kwa jirani na wewe ukiwemo, mpaka mlima wote uwe kijani. Hakuna anayelipwa. Ukipewa siku unarudisha siku, kwa mikono yako au ya mtu wa nyumbani mwako. Kwetu tulikuwa na kitu kama hicho, mwethya, kikundi cha majirani cha kulimiana, lakini mimi nilikiona cha kizamani.

Basi, mke wake akateleza shambani akavunjika mguu. Majirani walikuwa wameshampandia, na ilipofika zamu yake ya kuwarudishia, hakuweza kusimama. Tiur alikuwa bado mdogo. Msimu uliofuata wenzake walipita mlangoni kwake wakielekea kwa jirani. Hawakumtukana. Hawakumwita tu. Baba Tiur alipopata habari hizo alikaa chini kati ya matango akalia, na shamba lao la mpunga lilikuwa linaelekea kulala.

"Tuma pesa wawekwe vibarua," nikamwambia.

"Nikileta vibarua, nitakuwa nimetangaza kwamba siwahitaji watu. Ni lazima niende nikalipe siku zetu mwenyewe."

Sasa, tajiri alikuwa anatoa likizo kwa mtu mmoja mmoja, shamba lisibaki tupu, na zamu ilikuwa yangu. Nilishamnunulia mama blanketi, sanduku liko chini ya kitanda limejaa. Roho iliniuma, sikufichi. Lakini nilikuwa nimemwona mtu mzima akilia, na hilo halisahauliki. Nikaenda kwa tajiri nikamwomba atubadilishe.

Alirudi amekonda, amechomwa na jua, mikono imepasuka, lakini anacheka hadi meno ya nyuma. Alikuwa amewapandia majirani wote kwanza, ndipo nao wakaja kwake, wote, wakiimba. Akanipikia kahawa ya nyuma ya nyumba yake, akasema, "Sasa unanidai likizo."

Mimi nikajiona mkubwa. "Aa, Baba Tiur, achana na hayo! Nimekusamehe. Sihitaji unilipe."

Tabasamu likakatika. Akaweka kikombe chini.

"Kwa nini unanifukuza?"

"Nakufukuza vipi tena?"

"Ukinisamehe siku zangu unaniambia hutanihitaji hata siku moja. Kwani mimi sina mikono? Usinisamehe! Niache nidaiwe, nijue bado tuko pamoja."

Siku ile hakunisemesha tena. Nilikasirika, nikajiambia huyu mzee ana maringo gani, unamfanyia wema anakununia. Lakini maneno yake yalinikaa. Asubuhi nikamwambia, "Haya, nakudai." Akacheka, akanimiminia kahawa, yakaisha.

Zamu yake ya likizo ilipofika, alikuwa aende kumwona Tiur akipata kipaimara kanisani. Aliisubiri siku hiyo kuliko sikukuu. Ndipo dada yangu akanipigia kwamba baba haamki tena kitandani, na mvua imebomoa matuta yote ya shamba la mlimani juu ya nyumba. Sikuwa nimemaliza kumweleza Baba Tiur, tayari yuko kwa tajiri anabadilisha.

"Na Tiur?" nikamuuliza.

"Tiur ni mtoto wa kwetu, ataelewa. Hizi ni siku zako." Kipaimara cha bintiye alikiona kwenye simu, amesimama katikati ya matango.

Nilimkuta baba amebaki mifupa. Udongo mwekundu umeshuka mpaka mlangoni. Nikamuuliza, mwethya wako wapi? Akaniambia polepole, "Hawaji hapa siku hizi. Wewe uko Uarabuni unalipa watu. Wanajua hatuwahitaji." Mwanangu, maneno hayo yaliniingia. Kila mwezi nilikuwa natuma pesa ya vibarua na kujiona mtoto mwema, kumbe naizungushia nyumba ya baba ua.

Nikachukua jembe nikaenda shamba la jirani walikokuwa wanachimba watu wa mwethya, bila kuitwa. Wakanitania, "Ooh, Mwarabu amekuja kupiga picha!" Nikainama nikachimba. Kesho yake nikaenda tena kwa mwingine, na kwa mwingine, mpaka utani ukaisha. Asubuhi moja nikasikia nyimbo zinapanda kilima, wanakuja kwetu. Baba aliomba abebwe na kiti chake mpaka uani. Akawa anamwita kila anayepita kwa jina lake, na la baba yake, na wao wanamjibu. Sijawahi kumwona amefurahi namna ile.

Alifariki kabla likizo yangu haijaisha. Waliochimba kaburi lake ni wale wale waliotengeneza matuta, na sikumtafuta kibarua hata mmoja. Nililia kwa uchungu, na nililia kwa shukrani kwa mtu mmoja wa Sumatra aliyekataa nimsamehe.

Baba Tiur alisharudi kwao moja kwa moja. Kila msimu wa kupanda ananitumia picha ya shamba lile limejaa watu.

Kwa hiyo sikiliza. Pesa tuma, nani kasema usitume? Lakini ukienda likizo usikae kwenye kochi ukingoja kusalimiwa. Siku ya kwanza mwamkie mama, siku ya pili uwe na jembe kwenye shamba la jirani. Mtu akikupa siku yake, mrudishie siku, usimtupie noti. Na akitaka kukurudishia, pokea, usijifanye mkubwa. Shamba lenye hati na lisilo na watu litakusumbua, na wewe hujui utamhitaji nani kesho. Kutodaiwa na mtu si sifa, mwanangu. Ni upweke.

Mungu akulindie mikono yako. Akupe majirani wasioweza kupita mlangoni kwako bila kukuita, na wazazi wako wakuone unachimba pamoja nao macho yao yakiwa wazi.

Na ile dyuti niliyokushikia ulipoumwa tumbo, ukasema "asante mzee, Mungu atakulipa"? Mungu ana kazi nyingi. Nakudai wewe.