Kifaa Kilichotolewa kwa Sababu ya Baridi

Upande huu wa Merigi hakuna fundi anayenishinda kwa injini inayochemsha. Najua majirani hawapendi kunisikia nikijisifu, lakini nisiposema mimi nani atasema? Nilifua na kupika miaka sita katika nyumba za watu Uarabuni. Nikarudi, nikajilipia karo ya chuo, nikatoka na diploma ya ufundi wa magari. Hakuna harambee iliyofanywa kwa ajili yangu. Hata mabati ya gereji yangu niliyapigilia mwenyewe.

Pamoja na hayo yote, mwaka wa kwanza watu waliniletea pancha tu.

Kisha asubuhi moja ikaja pikapu ya maziwa, ikivutwa na trekta. Mwenye gari alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu aliyekusanya maziwa ya wakulima wa huku chini na kuyapeleka juu mlimani kwenye mtambo wa kupozea. Kwa majuma mawili gari lilikuwa likichemsha kwenye mlima ule ule, na maziwa yakaharibika njiani. Wakulima walikuwa wamemwambia waziwazi kwamba likichemsha tena, kazi inakwenda kwa mtu mwingine.

Alikuja na fundi wake wa miaka mingi, mwalimu wa nusu ya mafundi wa eneo letu. Huyo alikuwa ameshaamua kwamba gasketi, ile inayozuia maji yasichanganyike na oili, imeungua na injini ifunguliwe.

"Mbona basi mmelileta kwangu?" nikauliza.

"Trekta imeshindwa na matope," mzee akasema. "Hapa ndio karibu."

"Niangalie kabla hamjafungua."

Fundi akacheka. "Huko Uarabuni ulikuwa unaosha magari ama vyombo?"

"Vyombo," nikamjibu. "Na nikalipa karo na hiyo pesa ya vyombo. Shika tochi."

Akaishika. Nilichomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa safi, haikuchanganyika na maji. Nikajaza radieta, nikawasha injini na kuangalia mdomo wa radieta. Hakukutoka mapovu. Feni ilizunguka vizuri, pampu ilisukuma maji. Gasketi iliyoungua haifichi dalili zote hizo kwa pamoja.

Nikamuuliza mzee, "Kwenye tambarare mshale wa joto unakaa wapi?"

"Chini kabisa. Hata nikifika Longisa bado uko chini. Ni mlima tu ndio unaupandisha, tena mara moja."

Sikuhitaji kusikia zaidi. Nilifungua mahali bomba la maji linapoingia kwenye injini, panapokaa thamostati, nikamwita fundi achungulie. Palikuwa patupu.

"Nilitoa mimi," akasema bila wasiwasi wowote. "Hiyo kitu ni ya watu wa Mombasa. Kericho na Bomet kuna baridi, injini inajipoza."

Sikushangaa. Huku kwetu ndicho kifaa cha kwanza kutupwa gari likinunuliwa, na sababu inayotolewa ni hiyo hiyo, baridi. Nikawaeleza. Katika injini ya aina ile, thamostati inafanya kazi mbili. Maji yakipata moto inafungua njia ya radieta, na wakati huo huo inaziba njia fupi ya kuyarudisha ndani ya injini. Ukiitoa, njia fupi haizibwi tena. Kwenye tambarare baridi yetu inaficha kosa. Mlimani, gari likiwa na mzigo, maji mengi ya moto yanazunguka humo humo ndani bila kupita kwenye radieta.

"Nimefanya hii kazi kabla mama yako aolewe," fundi akasema.

"Na pale ndani bado hakuna kitu."

Mzee alitutazama kwa zamu. Akasema nitie hiyo thamostati, lakini kesho yake nipande naye mlima. Likichemsha, injini itafunguliwa na fundi wake, nami niendelee na pancha zangu. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Jioni ile nilitia thamostati mpya, na kesho yake tulipanda na mitungi ya maziwa imejaa. Fundi alikaa nyuma na jerikeni ya maji, tayari kwa aibu yangu. Mshale ulipanda taratibu hadi katikati, ukatulia hapo. Tulipita kona ambapo gari lilikuwa likichemsha, tukapita mashamba ya chai, tukateremsha maziwa yakiwa mazima.

"Leo kuna mawingu," fundi akasema.

Mzee naye akaangalia mbingu. Nilikasirika hadi masikio yakawasha. Nikamwambia mzee ageuze gari. Tulishuka hadi chini, tukajaza ile mitungi maji ya mto, tukangoja mpaka saa saba, jua likiwa kali. Nikashika usukani mwenyewe, nikapanda kwa gia ya pili bila kupumzika. Mshale ulikaa katikati.

Huko juu nilizima injini, nikafungua boneti, nikampisha fundi. Aligusa bomba la juu, akagusa la chini, akaichunguza injini nzima kwa muda mrefu. Kisha akaenda ukingoni mwa barabara na kumwaga maji ya jerikeni yake.

"Kesho saa kumi na moja alfajiri nachukua maziwa," mzee akaniambia. "Jioni nitakuletea hii gari uiangalie breki."

"Lete mapema," nikamwambia. "Siku hizi nina kazi nyingi."

Sikuwa na nyingine hata moja.