Salamu Iliyoficha Vitunguu Saumu vya Dada

Mimi ni wa darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilimaliza kwa kusukumwa. Lakini leo mtu akiwa Dodoma au Singida akaandika kwenye simu yake "vitunguu saumu Mbulu", wa kwanza kutokea ni mimi. Mimi! Tovuti nimeitengeneza mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nimekaa juu ya gunia ghalani kwangu Endagikot. Sikufundishwa na mtu. Labda umtoe dada yangu, na yeye hakujua kama ananifundisha.

Dada ni mkubwa wangu, analima Tumati. Msimu ule saumu zake zilikubali kweli kweli, na dalali alishafika na gari. Tukiwa nje ya kanisa, watu wote wanasikia, nikapaza sauti: "Dada, usimpe huyo! Nina tovuti. Wanunuzi watanipigia wenyewe kutoka mijini." Dada akaniamini. Mzigo wake wote ukahamia ghalani kwangu.

Wiki ya kwanza simu kimya. Ya pili kimya. Ya nne dada akaja. Nikamwamkia, akaitikia kwa mkato, akachukua kitunguu kimoja, akapasua punje kwa kucha ya kidole gumba.

"Mkurugenzi, hiki cha kijani ndani ni nini?"

"Kichipukizi, dada."

"Umesema mwenyewe. Dalali anapita tena Jumamosi ya wiki ijayo. Atanipa bei ya kunitukana, nami nitaipokea, maana zikioza hata tusi sipati."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Mavuno ya mwaka mzima ya dada yangu, na jina langu mbele ya kanisa zima! Nikamwambia, "Hebu shika simu yako. Jifanye mnunuzi. Tafuta."

Akaandika "vitunguu saumu Mbulu". Majibu yakaja, ya watu wengine. Akashusha, akashusha, mpaka chini kabisa tukanikuta. Akasoma kwa sauti: "Shikamooni wazee wetu, hamjambo ndugu zetu, poleni na kazi, karib... nukta, nukta, nukta." Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia langu.

"Huyu anauza nini? Anauza salamu?"

"Endelea, mbele kuna vitunguu."

"Mbele wapi, mdogo wangu? Wamekukata!"

Kile ndicho kichwa cha ukurasa, ule mstari mmoja unaotokea mtu akitafuta. Mtambo wa kutafutia hauoneshi wote ukiwa mrefu. Mimi nilikuwa nimeujaza salamu, na kurasa zangu zote nne nimezipa salamu ileile. Msinicheke. Kwetu ukienda kwa mtu kununua ng'ombe, unauliza nyumbani, watoto, mifugo, mvua. Ng'ombe anatajwa baada ya chai. Mtu anayeanza na bidhaa tunamwona hakulelewa. Nikamwambia dada hivyo, tena kwa ukali: mimi siwezi kumtupia mtu mzima vitunguu usoni kabla sijamwamkia.

Akaniangalia. "Mgeni wako unamsalimia akiwa wapi?"

"Akishaingia."

"Basi huyu bado yuko barabarani. Anatafuta nyumba. Wewe unapiga shikamoo kutoka ndani, naye hajui kama nyumba anayoitaka ndiyo hii."

Nilisimama! Nasema, niliruka kama nimekalia siafu. Mambo yote yalinifungukia kwa mara moja. Kichwa ni cha mtu aliye barabarani, kimwambie kilichomo. Salamu inamngoja ndani, mstari wa kwanza wa ukurasa. Nikaanza kuandika palepale: "Mfalme wa Vitunguu Saumu, Bora Kuliko Wote Tanzania Nzima".

"Nani anatafuta mfalme?" dada akasema. "Mtu anatafuta kitunguu. Andika yale niliyoandika mimi nilipokutafuta."

Basi nikaandika: "Vitunguu Saumu vya Mbulu kwa Bei ya Jumla". Ukurasa wa mbegu nikaupa wake: "Mbegu ya Vitunguu Saumu kutoka Tumati". Wa maharage: "Maharage ya Masakta, Hanang, kwa Gunia". Wa mahindi nao ukapata wake. Kila mlango jina lake. Ona akili hiyo!

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, natafuta. Jumatatu bado salamu. Jumanne bado salamu; nilitamani kuitupa simu kwenye zizi. Jumatano nikaona maneno yangu mapya, tena yamepanda juu, nikapiga kelele mke wangu akadhani nimeng'atwa na nyoka.

Alhamisi simu ikaita, namba ngeni. "Shikamoo mzee. Wewe ndiye wa vitunguu saumu vya Mbulu, kwa jumla?"

"Marahaba!" Nikamuuliza nyumbani, watoto, afya, mvua za huko kwao.

"Mzee," akasema, "salio langu linaisha."

Ijumaa lori lilikuwa mlangoni. Mnunuzi alipasua punje kama alivyopasua dada, akatenga zilizochipua, chache tu, akabeba zilizobaki zote kwa bei aliyoitaka dada. Zile zilizochipua dada akaniwekea miguuni: "Hizi zako, mkurugenzi. Kapande."

Jumamosi dalali akaja na gari lake tupu. Nilitaka nimtangazie kutoka getini, mdomo uliniwasha, lakini dada akanishika mkono. Akamkaribisha ndani. Akamuuliza nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua. Akammiminia chai, akangoja anywe kikombe kizima, akamwongeza nusu. Kisha ndipo akamfungulia mlango wa ghala, aangalie mwenyewe sakafu iliyofagiliwa.